Shingo namba tano

Coaster ililetwa gereji ikivutwa kwa mnyororo, Jumanne saa nne asubuhi, jua la Februari likiwa limeshapanda. Dereva akashuka, akanisalimia, kisha akasema, "Dada fundi, inagonga kidogo tu. Ngoja niwashe uisikie." Nikamshika mkono kabla hajafika kwenye ufunguo. Injini ya dizeli ikishaanza kugonga chini, kila mzunguko unaoongeza ni chuma kula chuma. Sikuhitaji kuisikia. Maelezo yake yalitosha: mlio ulianzia Gongo la Mboto, taa ya oili ikawa inawaka gari likisimama kwenye foleni na kuzimika akikanyaga mafuta, naye akaendelea kupakia abiria mpaka Tazara. Hapo mlio ukawa nyundo.

Niliingia chini na beseni, nikafungua nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili ilitoka nyeusi na nyepesi kama chai ya rangi. Nikakinga kiganja, nikatoka nacho juani. Ndani ya ule weusi kulikuwa na vumbi linalometameta, laini kuliko unga wa sembe, rangi yake ya dhahabu iliyofifia. Dogo ninayemfundisha kazi akaniuliza ni nini. Nikamwambia hiyo ni shaba ya metali, vile vipande vya nusu duara vinavyokumbatia kranki, ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni. Metali nyingi za injini za dizeli zina mgongo wa chuma, juu yake tabaka la shaba iliyochanganywa na risasi, na juu kabisa utando mwembamba, laini, ambao ndio unaokutana na kranki. Ukiona rangi ya shaba kwenye oili, ujue ule utando wa juu umeshakwenda na sasa inasagika nyama ya ndani.

Mama mwenye gari alifika kwa bajaji kabla ya adhuhuri. Coaster hii ameinunua kwa kiinua mgongo cha marehemu mumewe, na ndiyo inayosomesha watoto wawili. Akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, akafungua pochi, akatoa daftari aliloandikia hesabu za kila siku kwa kalamu ya bluu. Hakunilalamikia wala hakumfokea dereva.

"Mwanangu, niambie ukweli. Ninunue injini ya mtumba, au hii inatengenezeka?"

"Mama, nipe siku mbili niifungue niipime. Nikikujibu sasa hivi nitakuwa nakubahatishia."

Hapa mjini jibu la haraka ni injini ya mtumba. Inatoka kwenye kontena, inafungwa siku mbili, gari linarudi barabarani. Sina ugomvi na jibu hilo, nimefunga injini za namna hiyo nyingi na zingine zinatembea hadi leo. Lakini unanunua kitu kimefunikwa. Hujui kranki ya ndani imeshachongwa mara ngapi, hujui imechongwa na nani. Ya Mama niliijua: gari limepita mikononi mwetu kwa miaka sita, na chini hapajawahi kuguswa zaidi ya kufungua sampo. Na huko kufungua sampo, kama nilivyokuja kuona, ndiko kulikotuletea msiba.

Injini yenyewe ni 1HZ, silinda sita, lita 4.2, ile ile ambayo watu wa Land Cruiser wanaiheshimu. Kipenyo cha silinda ni milimita 94, pistoni inapanda na kushuka milimita 100. Haina turbo, haina kompyuta ya kukusumbua, na ukiilisha oili safi inakuzika. Kranki yake ina shingo saba za meni, ambazo zimekaa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, na shingo sita za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki. Ninaposema shingo namaanisha zile sehemu za duara, zinazong'aa, zinazozunguka ndani ya metali bila kuigusa, zikielea juu ya oili. Utando huo wa oili ni mwembamba kuliko unywele. Kazi nzima ya kutengeneza kranki ni kuurudishia nafasi yake.

Tulipoteremsha sampo nilikwenda moja kwa moja kwenye chujio la pampu ya oili. Wavu wake ulikuwa umeziba karibu nusu kwa nyuzi za silikoni nyekundu, zimejikunja kama tambi. Kuna mtu alifunga sampo hii wakati gari liko safarini, akapaka silikoni kama anayepaka siagi kwenye mkate. Ile inayobana nje unaiona, unaifuta kwa kitambaa, unaona kazi nzuri. Inayobana ndani inakatika vipande na kwenda kwenye chujio. Namwomba kila anayeshika tyubu ya silikoni: mstari mwembamba, usiozidi unene wa njiti ya kiberiti, na uache ushike kidogo kabla hujakaza.

Kofia ya konrodi namba tano, kile kipande cha chini kinachofungwa kwa bolti, ilitoka na metali mbili zimebandana kama chapati zilizosahaulika kwenye kikaango. Za namba nyingine zilikuwa zimechoka tu. Nikajiuliza kwa nini tano, wakati oili ilipungua kwa wote. Jibu nililipata baadaye, nitalifikia.

Tuliitoa kranki, tukaiosha kwa mafuta ya taa, tukailaza kwenye magunia mlangoni. Hapo nilifanya kosa ambalo nataka dogo asilirudie. Nilimwita Mama aone, tukaongea, nikachukua maikromita, kifaa cha kupimia unene, kutoka kwenye boksi lake kabatini, nikaanza kupima meni. Namba zilikuja nzuri kupita kiasi. Shingo ya kwanza kama mpya, ya pili kama mpya. Nikafurahi, halafu nikaweka mkono juu ya kranki. Ilikuwa ya moto. Jua lilikuwa limehama, limeipiga zaidi ya saa moja, na maikromita ilikuwa ya baridi kutoka kivulini. Chuma chenye unene wa milimita 60 kikipanda joto nyuzi 20 kinanenepa kwa karibu milimita 0.014. Kwa mtu wa kuchomelea mageti hicho si kitu. Kwangu mimi, ambaye nafasi yote ya oili ninayoitafuta haizidi milimita 0.05 hivi, ni zaidi ya robo ya kila kitu. Tukaiingiza ndani, tukaisimamisha wima ikiegemea nguzo, tukaifunga kwa kamba ili isianguke, tukaiacha ilale na maikromita pembeni yake mpaka asubuhi.

Asubuhi namba zilisema kweli. Kila shingo naipima mara nne: mwanzo na mwisho wake, na kila mahali mara mbili kwa pande zinazokatana msalaba. Ukilinganisha mwanzo na mwisho unajua kama imechongoka. Ukilinganisha pande mbili unajua kama imekuwa yai. Shingo za konrodi huwa yai kwa sababu moto wa silinda huisukuma pistoni chini kila mara shingo ikiwa imeelekeza upande uleule, hivyo upande mmoja unapigwa maisha yake yote na mwingine unastarehe. Vitabu vya Toyota vinakubali tofauti ya milimita 0.02 tu. Meni za Mama zilikuwa zimeliwa kidogo, mbili kati yake zimevuka kikomo kwa nywele. Shingo tano za konrodi zilikuwa kwenye 0.03 hadi 0.05. Namba tano ilikuwa yai la 0.12, na katikati yake kulikuwa na mkwaruzo unaokamata ukucha na doa la bluu upana wa kidole gumba. Bluu ni rangi ya chuma kilichoungua.

Nikamweleza Mama: kranki inatengenezeka, ikiwa haina ufa. Ila tutaichonga, na tutaichonga kwa utaratibu wangu. Akaniuliza utaratibu gani. Ndiyo sababu hasa ya kuandika haya, kwa hiyo nitaueleza kama nilivyomweleza yeye.

Shingo ikichongwa inapungua, basi metali yake lazima inenepe kufidia. Metali hizo zinauzwa kwa hatua: robo milimita, nusu, na kwa injini nyingine robo tatu hadi milimita nzima. Ukipunguza shingo robo milimita, kila kipande cha metali kinakuwa kimenenepa nusu ya hiyo robo, yaani 0.125, kwa sababu vipo viwili vinavyokumbatia shingo. Watu wengi wanabeba kranki hadi kwa mchongaji, wanachonga "mpaka iwe safi", ndipo wanaingia mjini kutafuta metali. Wanakuta saizi waliyochonga haipo, au ipo ya jina wasilolijua. Sasa kranki imeshakatwa na chuma hakirudi. Hapo ndipo vinaanza vituko vya kuweka karatasi ya alumini nyuma ya metali. Mimi napima, natafuta metali, nazishika mkononi, ndipo jiwe la mashine ya kuchongea linagusa kranki.

Siku iliyofuata nikazunguka Gerezani na Kariakoo. Nilikuwa natafuta Taiho au NDC, zote za Japani, na boksi peke yake halinitoshi maana boksi linaweza kuandikwa chochote. Natoa metali, naangalia mgongo wake kama umepigwa mhuri wa saizi unaosomeka, napitisha kidole kwenye ukingo kuona kama umekatwa safi, naweka vipande viwili pamoja kuona kama vinalingana. Meni za robo nilizipata duka la tatu. Za konrodi nilizipata za robo na za nusu duka moja, na nikamwambia kijana wa dukani ukweli wangu: "Mdogo wangu, nachukua za robo. Lakini kuna shingo moja siiamini. Niwekee za nusu mpaka Jumamosi, na hizi nikizirudisha sijazifungua, tubadilishane." Akakubali, akaandika namba yangu ya simu juu ya boksi. Watu kama huyo kijana ndio wanaofanya kazi yetu iwezekane.

Mzee ninayempelekea kranki ana mashine yake Chang'ombe, ya Ulaya, ya zamani, kubwa kama kitanda cha sita kwa sita, na huwezi kumharakisha. Kwake nilifika kwa sababu ya Fuso moja.

Miaka kadhaa nyuma tulifunga injini ya Fuso ya mteja mmoja wa mizigo. Kranki ilichongwa mahali pengine, karakana ambayo bei yake ilikuwa chini na ilimaliza siku hiyohiyo. Shingo zilitoka ziking'aa kama kioo. Nilipima saizi, zilikuwa sawasawa. Sikutazama kona. Wiki ya tano gari likiwa limepakia vitunguu, linapanda Kitonga, kranki ikakatika vipande viwili. Bloku ikatoboka, mteja akapoteza injini, na mimi nikapoteza usingizi kwa muda mrefu. Kile kipande ninacho hadi leo, kipo juu ya kabati la spana, na kila dogo anayeanza kazi kwetu lazima akishike.

Ukikitazama kwenye mwanga wa pembeni unaona kila kitu. Pale shingo inapokutana na bega la kranki, mahali ambapo panatakiwa pawe na mviringo laini, jiwe liliacha kona kali kama ya ndani ya boksi. Kutoka kwenye nukta moja ya kona hiyo inaanza mistari myembamba, mmoja nje ya mwingine, inayopanuka kama alama ambazo maji huziacha ufukweni yakiwa yanakupwa. Kila mstari ni hatua ya ufa. Ulitembea taratibu, siku baada ya siku, Fuso ikiwa inapakia na kushusha na sisi tukiwa tumeshasahau. Sehemu hiyo ni laini, imesuguliwa na ufa wenyewe. Halafu ghafla uso unakuwa na chembechembe za kijivu kama sukari guru iliyovunjwa: hapo ndipo chuma kilichobaki kilishindwa kwa mara moja, kilimani. Kona ile, ambayo mafundi tunaiita rediasi, ndiyo inayosambaza mzigo. Ukiifanya kali, mzigo wote unajikusanya kwenye mstari mmoja. Shingo inaweza kuwa na saizi sahihi hadi desimali ya tatu na kranki ikawa imeshahukumiwa kufa.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba binti yangu. Umeniletea mgonjwa gani?"

Kabla ya yote alitafuta ufa. Ana sumaku yake na unga wa chuma: ukiisumakisha kranki na kumwagia ule unga, palipo na ufa unga unajipanga mstari hata kama jicho halioni kitu. Gereji kwetu, pasipo na vifaa hivyo, natumia njia ya mafuta ya taa na chokaa ya ubaoni: loweka, futa ikauke kabisa, paka chokaa, gonga taratibu kwa nyundo ya mbao, na ufa utajichora kwa unyevu. Inasaidia, lakini ya sumaku inaona zaidi. Hakuna mstari uliotokea. Halafu akailaza kwenye vigingi viwili vya umbo la V, akaweka dayo geji, kipimo cha mshale cha kuonyesha mpindo, kwenye meni ya katikati, akaizungusha polepole kwa vidole. Mshale ulitikisika kidogo, ndani ya kinachoruhusiwa. Haikupinda.

Ndipo akatoa geji ya rediasi, vile vijani vyembamba vya bati vilivyokatwa kwa mviringo tofauti, akavijaribu kimoja kimoja kwenye kona ya shingo mpaka kikakaa bila mwanga kupita. Akalichonga jiwe lenyewe kwa almasi, mabega yake yapate mviringo uleule. Hiyo peke yake ilichukua zaidi ya saa. Mimi nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikatazama, na ninasema bila kuficha kwamba moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Shingo za konrodi haziko kwenye mhimili wa kranki, ziko pembeni yake kwa nusu ya mwendo wa pistoni, yaani milimita 50 kwa injini hii. Kwa hiyo mashine inaikamata kranki ncha zote mbili na kuihamisha hizo milimita 50, ili shingo inayochongwa iwe ndiyo kitovu. Ikianza kuzunguka unaona jambo la kupendeza: kranki nzima, kilo zote zile, inayumba huku na kule hewani, na shingo ile moja katikati imetulia kabisa, inazunguka mahali pamoja kama haihusiki. Kwenye silinda sita shingo zimepangwa mbili mbili: ya kwanza na ya sita mstari mmoja, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne. Mzee akaanza na tano. "Anayeumwa zaidi ndiye anayeingia kwanza," akasema. Ukianza na zilizo nzima ukazimaliza kwa robo, halafu tano ikakataa robo, umechonga zile tano nyingine bure na utarudia zote, maana metali zinauzwa seti.

Jiwe likagusa. Maji ya kupozea, meupe kama tui la pili, yakamwagika juu ya shingo. Cheche zilikuwa fupi, nyekundu. Anakula kidogo kidogo, 0.01, 0.02, anasubiri mpaka cheche zife, ndipo anaongeza. Anayekula nyingi kwa pupa anachoma uso na kuzalisha nyufa ndogo ambazo hazikuwepo. Yai lilionekana wazi: mwanzoni jiwe lilikuwa linaimba upande mmoja na kunyamaza upande mwingine, nusu mzunguko kelele, nusu mzunguko kimya. Kadiri alivyoendelea, kimya kikawa kinapungua, mpaka sauti ikawa moja mzunguko mzima. Nikajua bila kupima kwamba sasa ni duara.

Alipofika karibu na robo akasimamisha, akafuta kwa kitambaa, akaniita na tochi. Mkwaruzo ulikuwa umebaki kama unywele. Ule nisingeugombania. Lakini lile doa lilikuwa bado linaonekana, si bluu tena, ila kivuli cha kahawia kilichoingia ndani ya chuma.

"Robo haimtoshi huyu," Mzee akasema.

"Kwa hiyo nusu, Mzee?"

"Nusu. Nenda ukaniletee metali zake, na konrodi moja pia. Mimi sichongi kwa kufuata namba ya kwenye boksi."

Hapo ndipo nilipomshukuru yule kijana wa dukani. Nilifika kabla hawajafunga, boksi lilikuwa chini ya kaunta na namba yangu juu yake. Usiku huo nilifunga metali za nusu kwenye konrodi, nikakaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kama inavyokazwa kwenye injini, na asubuhi nikampelekea Mzee. Akapima tundu lake la ndani, akatoa nafasi ya oili tuliyokubaliana, milimita 0.045, na kilichobaki ndicho kikawa saizi ya shingo. Umeme ulikatika mara mbili siku hiyo. Kila mara alilirudisha jiwe nyuma kwa mkono kabla halijasimama, na ulipowaka alianza upya taratibu. Tano ikasafika kwenye nusu, bila kivuli. Akairudia sumaku pale palipokuwa na doa. Safi. Zilizobaki zikafuata, halafu meni kwa robo.

Kuna mambo mawili alimalizia nayo ambayo wengi wanayaruka. Matundu ya oili kwenye shingo, baada ya kuchongwa, yanabaki na ukingo mkali kama wembe, na ukingo huo utakwangua metali mpya siku ya kwanza. Akayalainisha moja moja kwa kijiwe kidogo. Kisha akapolishi kwa mkanda wa msasa laini wenye oili, akihakikisha kranki inazunguka upande ule ule inaozungukia ndani ya injini. Jiwe huacha vinyweleo vidogo vya chuma vimelala upande mmoja, na polishi lazima ivilaze upande usiopingana na metali. Mwisho akagonga alama kwenye bega la kranki: meni 0.25, konrodi 0.50. Fundi atakayeifungua baada yetu asilazimike kubahatisha.

Sasa lile jibu la kwa nini namba tano. Kranki ina njia za ndani zinazochukua oili kutoka shingo za meni kwenda shingo za konrodi. Tuliporudi gereji nilimpa dogo brashi ya kuoshea chupa za watoto, waya, sabuni ya unga na maji ya moto, nikamwambia asiache mpaka kitambaa cheupe kipite njia zote na kutoka cheupe. Njia tano zilitoa unga wa jiwe tu, kama tulivyotegemea. Ya kwenda shingo namba tano ilikataa waya. Ilikuwa na tope gumu, jeusi, kama lami iliyochanganyika na mchanga, limeshindiliwa na mzunguko wa kranki yenyewe miaka na miaka. Kwa hiyo siku chujio lilipoziba na presha ikapungua, shingo nyingine zilipata kidogo, hii haikupata kitu. Dogo aliisafisha kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi. Alipomaliza alininyooshea kitambaa bila kusema neno. Kilikuwa cheupe. Fikiria tungeichonga kwa uangalifu wote ule, kisha tuirudishe na njia ile imeziba. Angerudi yule yule namba tano ndani ya mwezi.

Konrodi yake ilikuwa imebadilika rangi kwa joto, sikuirudisha. Nilipata nyingine ya mtumba Ilala, nikaipeleka ipimwe mnyooko na uduara wa tundu, halafu nikaipima uzito kwenye mizani ya kidijitali ya duka la nafaka jirani yetu pamoja na zile tano. Ilizidi kwa gramu chache, ikapunguzwa chini ya kofia mpaka ikalingana na wenzake.

Kufunga sitakusimulia kwa urefu. Pampu ya oili mpya, trasti washa mpya za kuzuia kranki isiteleze mbele na nyuma, bolti za konrodi mpya. Kila kofia nilikaza kwanza na uzi wa plastigeji ndani, ule wa plastiki unaobanwa bapa kuonyesha nafasi ya oili, nikafungua, nikalinganisha ulivyobanwa na kipimo chake: zote zilikuja kati ya 0.04 na 0.05. Kila nilipokaza kofia moja, niliizungusha kranki kwa mkono kabla ya kwenda nyingine. Ikibana, unajua ni ipi. Haikubana hata moja. Sampo niliifunga mwenyewe, mstari wa njiti ya kiberiti.

Jumamosi ya wiki ya pili Mama alikuja na thermosi ya chai na vitumbua. Nikachomoa waya wa kukata dizeli kwenye pampu, ili injini izunguke bila kuwaka, dereva akapiga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili ikazimika. Ndipo nikarudisha waya. Ikashika mara ya pili, moshi mweupe kidogo, kisha ikatulia. Niliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku na sikio kwenye mpini, nikahama silinda moja hadi nyingine. Kwenye tano nilikaa muda mrefu zaidi. Mama alikuwa ananitazama usoni, si injini.

"Vipi, mwanangu?"

"Imetulia, Mama."

Nilimpa dereva masharti: kilomita 1,000 za kwanza asijaze kupita kiasi, asikokote na gia kubwa kwenye mwinuko, na taa ya oili ikiwaka hata sekunde moja azime hapohapo, popote alipo. Akayashika. Jana alirudi. Nilimwaga oili juani kama siku ile ya kwanza, nikakinga kiganja. Halafu nikaikata filta kwa mkasi wa bati, maana msumeno nao unamwaga vumbi la chuma na utakudanganya, nikaitandaza karatasi yake yote kwenye sinia, pindo kwa pindo, dogo ameinama upande huu na Mama upande ule. Tuliipekua mpaka mwisho. Kulikuwa na weusi wa kawaida na uzi mmoja mfupi wa kitambaa. Hapakuwa na kinachometameta. Nikaweka filta mpya, nikajaza oili, na saa kumi na moja Coaster ikatoka kuwahi abiria wa jioni.